Hesabu stroberi kwanza, tovuti baadaye

Nimekuwa kimya wiki tatu hivi kwa sababu ya kazi za watu. Wale mnaoniuliza kuhusu makala ya hifadhidata niliyoahidi, inakuja. Leo nataka kuzungumzia shamba. Ndiyo, shamba. Msifunge ukurasa bado, kwa maana jambo lenyewe lina teknolojia ndani yake kuliko linavyoonekana.

Shangazi yangu na mumewe wana nusu ekari ya stroberi upande wa Limuru, pamoja na mistari michache ya rasiberi na miti miwili mizee ya forosadi karibu na nyumba. Miaka yote wamekuwa wakichuma, wakipanga kwenye vikopo vya plastiki na kuuza kwa hoteli moja, maduka mawili ya mboga na yeyote anayepita. Sasa binamu zangu wamewashawishi wafungue shamba kwa umma: watu watoke Nairobi Jumamosi, waingie na vikapu, wajichumie wenyewe, wapige picha, walipe, waende zao. Na kwa kuwa mimi ndiye "mtu wa kompyuta" katika ukoo huu, nikapewa orodha ya kazi: tovuti, alama kwenye Google Maps, ukurasa wa Instagram, malipo ya M-PESA, na kama inawezekana, programu ya simu.

Nimewajibu kwamba sitajenga hata kimoja kati ya hivyo mpaka shamba liwe na kikomo. Kikomo cha watu, cha sehemu, cha siku na cha saa. Naamini hivi ndivyo ilivyo kwa kila shamba dogo la familia linalotaka kupokea wageni: teknolojia ya kwanza kuhitajika ni ile inayokusaidia kusema "tumejaa, njooni Jumamosi ijayo". Ile ya kuita watu ije baadaye. Binamu zangu wanasema nimezeeka. Someni kisha mtuamulie.

WAZO LENYEWE NI ZURI

Nianze kwa kuwatendea haki. Stroberi ni tunda lenye haraka. Ukilichuma leo na kuliacha mezani, siku mbili baadaye limelegea na ukungu wa kijivu umeanza kuota. Halivumilii kutupwatupwa kwenye gari. Tena, tofauti na ndizi au parachichi, stroberi ikishachumwa haiivi zaidi. Inaweza kuongeza wekundu kidogo lakini haiongezi utamu. Kwa hiyo mkulima anayeuza mbali hulazimika kuchuma mapema kidogo ili tunda lifike salama, na anayelila mjini hajui utamu wake hasa. Anayelichuma mwenyewe likiwa limekolea na kulitia kinywani pale pale ndiye anayelipata lilivyo.

Halafu kuna kazi ya kuchuma. Wakati wa mavuno, matuta hupitiwa kila baada ya siku mbili au tatu, mgongo umeinama, tunda moja moja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shamba la kujichumia linampa mgeni kikapu siku ya kwanza, na juu ya hayo analipa. Huwezi kumlaumu binamu kwa kuliona hilo.

Wala si jambo geni. Marekani na Uingereza mashamba ya kujichumia yamekuwepo kwa miongo mingi. Hapa kwetu, si mbali na kwa shangazi, shamba la chai la Kiambethu kule Tigoni limepokea wageni kwa miaka mingi, wakitembezwa na kupewa chakula cha mchana. Lakini angalieni utaratibu wao: mgeni anaagiza nafasi kabla ya kwenda. Hiyo ndiyo sehemu ambayo watu wakiiga huiruka. Wanaiga picha, hawaigi daftari la nafasi.

MATUNDA HAYAONGEZWI KAMA SEVA

Sisi waandishi wa programu tuna ugonjwa mmoja. Tumezoea vitu visivyoisha. Ukurasa ukisomwa na watu kumi au elfu kumi, ni ule ule. Wageni wakizidi, unakodi seva nyingine, unalipa, mambo yanaendelea. Basi tukipewa kazi ya duka, hoteli au shamba, swali letu la kwanza huwa "tutawafikiaje watu wengi zaidi?"

Shamba lina jibu lake, na halijadiliwi. Kutoka ua mpaka tunda lililoiva ni kama mwezi mmoja, na kwenye baridi ya Limuru huenda zaidi. Tangazo likivuma Alhamisi, hakuna kitufe cha kubonyeza ili matunda yaliyokuwa yaive wiki ijayo yaive Ijumaa usiku. Watu mia mbili wakija Jumamosi kwenye matunda ya watu hamsini, mia na hamsini watachuma mabichi, watakanyaga miche wakitafuta, au watarudi Nairobi na watoto wanaolia.

Niliwahi kwenda kwenye shamba moja la namna hiyo, na silitaji jina. Tuliendesha gari saa nzima na robo. Tulipofika saa sita mchana, matuta yalikuwa yamechakurwa kama yamepitiwa na kuku. Mwenye shamba alikuwa mtu mwema, aliomba radhi, akatuuzia vikopo viwili vilivyokuwa kwenye friji yake. Tovuti yake ilikuwa nzuri sana, picha safi, malipo yanapita bila tatizo. Ilifanya kazi yake yote isipokuwa kujua kama kuna stroberi.

HESABU YENYEWE

Haya, hapa ndipo mtu wa kompyuta anaweza kusaidia kweli, na hahitaji kompyuta. Nitatumia namba za mfano ambazo ni rahisi kufuata. Zako utazipata shambani kwako.

Tuchukulie shamba lina matuta 40, kila moja mita 25. Hiyo ni mita 1,000 za matuta. Hakuna anayeweza kuhesabu kila tunda, lakini hakuna haja. Pita kila tuta la nne, upate matuta 10. Katika kila moja rusha kijiti bila kuangalia, na pale kilipoangukia pima mita moja. Hesabu matunda yatakayokuwa yameiva kufikia Jumamosi. Usichague mahali kwa macho, kwa sababu macho hupenda palipo pekundu, na utajidanganya.

Tuseme umepata wastani wa matunda 4 kwa mita. Mara mita 1,000, ni matunda 4,000. Sasa chuma matunda 100 uyapime. Yakiwa kilo moja na nusu, basi kila tunda ni gramu 15, na shamba zima lina kilo 60.

Kutoka hapo tunatoa:

1. Kilo 20 za hoteli na maduka. Hawa ndio waliokula nasi miaka yote na ndio watakaobaki wageni wakichoka. Hawaguswi.

2. Robo ya kilo 40 zinazobaki, yaani 10, kwa ajili ya yanayoliwa tutani, yanayokanyagwa na yanayooza. Tumebaki na kilo 30.

3. Familia moja tuseme inachuma kilo 2. Kilo 30 zinatosha familia 15.

4. Tunaweka akiba ya familia 3, kwa sababu kukitokea mvua ya ghafla Ijumaa hesabu yote inashuka. Tunabaki na 12.

Familia kumi na mbili. Ndicho kikomo cha Jumamosi hiyo. Ukiwagawa, sita saa tatu asubuhi na sita saa tano, hata choo kinatosha, hata magari yana pa kuegeshwa, hata shangazi ana nafasi ya kuzungumza na kila mtu. Wiki ijayo kikomo kinaweza kuwa 5 au 20. Kinatoka kwenye matuta, hakitoki kichwani mwa binamu.

Fanyeni zoezi hilo wiki tatu mfululizo kabla ya kumwalika mtu yeyote, na kila mara mlinganishe makadirio na kilo mlizochuma wenyewe. Mkikuta mnakadiria 60 na kupata 45 kila wiki, mmeshajua mnazidisha kwa kiasi gani. Na mkihesabu maua leo, mna picha ya mwezi ujao. Kwa lugha ya kazi yangu, hayo ni majaribio kabla ya kutoa programu kwa umma. Hakuna anayetaka kujua kwamba programu ina hitilafu siku ambayo wateja wote wameingia.

Bei nayo inafuata kikomo. Mashauri yangu ni kutenganisha mambo mawili: kiingilio, na bei ya kilo. Kiingilio kinalipia kutembea, kuonja, choo na muda wa wenyeji. Bei ya kilo inalipia kile kinachotoka na kikapu. Shamba lisilo na kiingilio hujikuta likimlinda mtoto asile tunda, na huo ni ugomvi ambao hakuna anayeushinda. Na kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, waambieni mapema waje na bakuli au vikapu vyao.

DAWA, NA TAREHE ISIYOSAMEHE

Sasa jambo linalonifanya niwe mkali. Mteja wa hoteli anapopokea stroberi, huziosha. Mtoto wa miaka minne tutani haoshi. Anachuma na kula, na mama yake anampiga picha.

Kila dawa ya wadudu au ya ukungu ina maandishi kwenye lebo yanayotaja siku ngapi zipite kati ya kunyunyizia na kuvuna, na muda gani mtu asiingie shambani. Mkulima anayeuza kwa vikopo hulijua hilo na hupanga. Lakini tazama kinachotokea shamba likifunguliwa kwa umma bila kikomo cha siku. Jumatano ukungu unaonekana kwenye matunda. Jumamosi kuna watu thelathini waliokwisha lipa. Mzee anasimama na chupa ya dawa mkononi, nyuma yake mavuno ya mwezi yanaweza kuoza, mbele yake kuna wageni. Hapo ndipo watu wema hufanya mambo mabaya.

Kwa hiyo kanuni iwe kwenye mfumo wenyewe, isiachiwe moyo wa mtu siku ya dhiki. Chukua kalenda ya ukutani. Siku ya kunyunyizia, andika tarehe, jina la dawa na idadi ya siku zilizoandikwa kwenye lebo, kisha piga mstari mwekundu juu ya siku hizo zote. Jumamosi yenye mstari mwekundu haiuzwi. Ikiwa ilikwisha uzwa, watu wanarudishiwa pesa au wanapewa siku nyingine, na wanaambiwa sababu bila kuficha. Familia ambayo haiwezi kurudisha pesa za Jumamosi moja haiko tayari kufungua. Hilo silimwambii shangazi kwa ukali, lakini nimemwambia.

Kama kuna programu moja ya shamba hili ambayo ningefurahi kuiandika, ni hii: ukiingiza siku ya dawa, nafasi za siku hizo zinafungwa zenyewe, na hata binamu akiwa na neno la siri hawezi kuzifungua. Mistari michache tu. Lakini kalenda na kalamu nyekundu vinafanya kazi ile ile, na haviishiwi chaji.

HAPO NI NYUMBANI KWA MTU

Duka likifungwa jioni mwenye duka anakwenda nyumbani. Shangazi akifunga lango, yuko nyumbani tayari. Katika mazungumzo yote ya binamu kuhusu "umma", yeye alikaa kimya, akimenya viazi. Tulipomuuliza maoni yake alisema, "Wanangu, mimi nataka wanunuzi. Sitaki watu wanichungulie sufuria zangu."

Nadhani maneno hayo yanafaa kubandikwa ukutani kwa kila anayepanga jambo kama hili. Kikomo cha sehemu maana yake kamba au ua unaosema hapa ni pa wageni, hapa ni petu. Kamba ya nguo iwe upande wetu. Mizee ile ya forosadi, ambayo inaangalia jikoni, iwe upande wetu pia, hata kama ndiyo ingetoa picha nzuri kuliko zote. Rasiberi zina miiba, basi zisubiri mwaka wa pili. Jumapili ni ya kanisa na ya kupumzika. Saa nane mchana lango linafungwa.

Upande wa wageni nao una madeni yake. Kuna bwawa la kumwagilia lililotandikwa plastiki. Anayelijua bwawa la aina hiyo anajua kwamba kingo zake huteleza kama sabuni, na mtu mzima akitumbukia hupata shida kutoka, sembuse mtoto. Kuna mbwa. Kuna mzinga wa nyuki, ambao unasaidia maua yachavushwe vizuri na matunda yasitoke yamepindapinda, lakini nyuki hawajui nani ni mteja. Kuna stoo ya dawa ambayo kufuli lake limekuwa msumari uliopindwa tangu nikiwa shule ya msingi.

Kenya ina sheria ya wajibu wa mwenye mahali kwa wageni wake, Sura ya 34 katika sheria za nchi. Inamtaka mwenye mahali achukue hadhari inayofaa ili mgeni awe salama, na inasema wazi kwamba ategemee watoto kuwa na uangalifu mdogo kuliko watu wazima. Bango la onyo peke yake halikuokoi, ila kama linatosha kweli kumfanya mgeni awe salama. Binamu mmoja alikuwa amekwisha chora bango: "Unaingia kwa hatari yako mwenyewe." Bango zuri, rangi nzuri. Lakini mtoto wa miaka minne hasomi. Bwawa linahitaji ua na lango lenye kufuli, na fedha za ua huo zitoke kabla ya fedha za tovuti. Kufuli la stoo lilinunuliwa wiki iliyopita. Hatua moja.

ALAMA KWENYE RAMANI

"Lakini Google Maps ni bure!" Ndiyo, kuweka ni bure. Tujue tu tunachokiweka.

Mahali pakiwa kwenye ramani, ramani inawaita watu usiku na mchana, msimu na nje ya msimu. Haijui kwamba mvua za Machi hadi Mei zimeharibu matunda na njia ya udongo imekuwa uji. Mtu atafika Jumanne saa kumi na moja jioni, apige honi langoni, na atakuwa na haki ya kushangaa akiambiwa pamefungwa. Kisha atatoa nyota moja. Na nyota hiyo mwenye shamba hawezi kuifuta kwa kuwa tu haimpendezi. Anaweza kuijibu, au kuiripoti ikiwa imevunja kanuni, basi.

Sisemi msiweke. Nasema wekeni mkiwa na kitu cha kuandika pale: siku, saa, na kwamba hakuna kuingia bila kuagiza. Msimu ukiisha, onyesheni kwamba mmefunga kwa muda, siku hiyo hiyo. Na iwe familia yenyewe inayomiliki ukurasa huo, kwa akaunti ambayo neno lake la siri linajulikana na zaidi ya mtu mmoja. Nimeona biashara ndogo nyingi ambazo ukurasa wake uko kwenye akaunti ya kijana aliyehamia mji mwingine.

Namba ya simu nayo. Namba ya shangazi, ambayo ni ya watoto wake, ya chama chake na ya kanisa, isiwekwe hadharani. Ikishaenea haikusanyiki tena. Laini mpya ni bei ndogo, na jioni unaizima. Malipo yaende kwenye namba ya Till ya Lipa na M-PESA, ili hesabu za shamba zisichanganyike na pesa za shule na za mchango wa harusi.

DAFTARI LA LANGONI

Hili ni langu la siku nyingi, wasomaji wa zamani mtanivumilia. Mmelijua lile daftari la langoni: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, namba ya gari, saa ya kuingia. Unaandika yako huku ukisoma za wote waliokutangulia. Binamu amenunua moja tayari, lenye jalada jeusi gumu.

Nimemuuliza: namba ya kitambulisho ya mtu aliyekuja kula stroberi unaitakia nini? Hana jibu, ila kwamba "ndivyo inavyofanywa". Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inataka ukusanye kile tu kinachohitajika kwa kazi uliyokusudia. Kazi yetu hapa ni kujua nani ameagiza, wako wangapi, na tumpigie nani mvua ikinyesha. Jina, idadi, simu. Daftari likae mikononi mwa mwenyeji, asilipitishe. Msimu ukiisha, kurasa zichanwe na kuchomwa. Na picha za watoto wa watu zisipandishwe Instagram ya shamba bila wazazi wao kukubali, hata ziwe za kupendeza namna gani.

HOJA YA BINAMU

Binamu mkubwa si mjinga, na hoja yake inafaa kusikika. Anasema: "Wewe una mshahara. Sisi tukingoja mpaka kila kitu kiwe sawa, mwingine atafungua kabla yetu. Watu wakija wengi siku moja, hiyo ndiyo pesa ya kujenga ua wa bwawa." Yaani, fungua kwanza, pesa zenyewe zitaleta kikomo.

Nimeifikiria hoja hiyo kwa siku kadhaa. Katika biashara ya programu mara nyingi ni kweli: toa kitu kibovu mapema, rekebisha watu wakilalamika. Lakini inakuwa kweli kwa sababu hasara ya kitu kibovu cha kompyuta ni ndogo, unakirekebisha usiku, asubuhi kiko sawa. Mche uliokanyagwa haurekebishwi usiku. Mtoto aliyetumbukia bwawani hasemwi kabisa. Na shangazi akichoka na wageni mwezi wa kwanza, hakuna toleo la pili, kwa sababu shamba ni lake na atafunga lango.

Kuhusu pesa, hesabu yangu ni hii. Familia 12 zilizoridhika Jumamosi moja zitawaleta wengine 12 wiki ijayo bila tangazo. Chema chajiuza. Na foleni ya watu wanaongoja nafasi si pesa iliyopotea, ni kipimo cha bei: ikiwa kila wiki nafasi zinaisha Jumatatu asubuhi, pandisheni kiingilio kidogo, au ongezeni matuta mwaka ujao mkijua yana wanunuzi. Pale anapoona wateja waliokosa nafasi, mimi naona taarifa ambayo mkulima mdogo huwa haipati: kwamba kuna watu wangapi wanaotaka kitu chake kabla hajakipanda.

Ila nakubaliana naye kwa jambo moja. Tusingoje mpaka kila kitu kiwe kamili. Bwawa, dawa, choo na mpaka wa nyumba lazima viwe sawa. Mengine yote, mabango, viti, vikapu vyenye nembo, yanaweza kuja polepole.

NITAKACHOJENGA

Tumekubaliana hivi, na mumewe shangazi ameandika kwa mkono wake nyuma ya kalenda. Wiki tatu za kuhesabu matuta. Ua wa bwawa. Vibali tuulizie kaunti na afisa wa afya ya umma mapema, si siku ya kufungua. Halafu Jumamosi mbili za majaribio na familia tano tano tunazozijua, wanaolipa bei kamili na walioombwa waseme ukweli. Watafundishwa kubana kikonyo kwa kucha badala ya kuvuta tunda, na tutaangalia wanapotea wapi, wanauliza nini, wanangoja wapi. Hapo ndipo tutajua pa kuweka bango.

Baada ya hapo nitajenga ukurasa mmoja. Utakuwa na picha mbili, bei, maelekezo kutoka steji ya matatu, na mstari mmoja mkubwa juu kabisa unaosema nafasi ngapi zimebaki Jumamosi ijayo. Namba hiyo ataibadilisha shangazi mwenyewe kwa ujumbe mfupi wa simu, Alhamisi jioni akitoka kuhesabu. Akituma 0, ukurasa unaandika kwamba wiki hii hatupokei wageni, na hakuna atakayemuuliza kwa nini.

Binamu mdogo bado anataka programu ya simu. Nimemwambia tuzungumze mwaka ujao.

Je, kuna kati yenu mwenye shamba linalopokea wageni, la matunda, la maua au la samaki? Nataka kujua hasa mnavyokadiria mavuno ya siku, na mmewahi kufanya nini pale wageni walipozidi. Nitawapelekea Limuru majibu yenu. Wiki ijayo ni ile makala ya hifadhidata, naapa.